Gari Lililoachwa Kimya

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu. Hiyo redio ya chumbani iacheni iendelee kusoma Kurani, msiizime. Nikimaliza, wenyewe hamtataka kuizima. Haya basi: palikuwa na mtu, palikuwa na ahadi, na palikuwa na asiyeonekana aliyeisikia.

Mambo yalianza na mkanda. Mkanda tu, wa kiti cha mbele, kile cha pembeni ya dereva. Wagdi alifungua mlango wa gari lake asubuhi, gari ambalo hata wiki mbili alikuwa hajalimiliki, akakuta mkanda ule umevutwa na kufungwa, umekaza vizuri, kama umeshika tumbo la mtu. Na kiti kitupu. Akaufungua. Kesho yake akaukuta umefungwa tena, na kitambaa cha kiti kimebonyea, mbonyeo mdogo, kama wa mtu mwembamba aliyekaa muda mrefu bila kujisogeza.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Moyoni alijua kile kiti kilikuwa cha nani.

Huyu Wagdi alikuwa dereva wa tramu mstaafu, hapahapa kwetu Bakos, Iskandaria. Mtu wa watu, mcheshi, na katika mtaa mzima hakuna aliyenunua gari lililokwisha tumika bila kwenda naye soko la Ijumaa. Alikuwa na sumaku kafunga kamba, anaitembeza kwenye bodi kama tabibu anayepima kifua. Sumaku ikiteleza, anajua pale pana puti, gari liligongwa likapakwa rangi. Analala chini, ananusa moshi, anabonyeza raba za milango, anaangalia kanyagio la breki limelika kiasi gani. Wakamtania kahawani, "Wagdi haangalii gari, anaposa! Bado kuuliza ukoo tu."

Naye hujibu, "Bora niulize ukoo wa gari kuliko wewe ulivyoacha kuuliza ukoo wa mama mkwe wako."

Na watu wa safari fupi, wale wanaotaka gari la kwenda sokoni na kwa daktari na kurudi, aliwapa neno moja siku zote. Aliwaambia, "Msidanganywe na kilomita chache. Usinunue namba, nunua mkono ulioliendesha. Gari lililokwenda kidogo kidogo kila wiki, hilo chukua. Gari lililosimama mwaka mzima halikupumzika, limekufa. Raba zimepasuka, petroli imeoza, panya wamekula nyaya, na chumvi ya bahari imelila tumbo." Maneno ya kweli kabisa. Mngojeeni aliyekuja kuyavunja.

Orofa ya chini ya jengo lake alikaa Hajja Insaf, mjane, hana mtoto. Marehemu mumewe alimwachia kigari kidogo, rangi ya chai ya maziwa, ya kiwandani, haijaguswa na brashi. Kilikuwa chini ya turubai, pale kwenye kivuli cha ukuta. Mumewe alikuwa akikitoa kwenda makaburini na kwa dada yake tu, basi. Alipokufa, Hajja kuendesha hajui. Lakini kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, yeye hushuka na mto wake mdogo. Anafunua turubai, anasema, "Dasturi, wenye mahali," kuwaomba ruhusa wasioonekana, anapitisha mkono dirishani na kuzungusha ufunguo, halafu anazunguka na kukaa kwenye kiti chake cha pembeni, kilekile alichokuwa akikaa yeye, mumewe akiwa usukanini. Anafunga mkanda. Anafungua redio kwenye Kurani. Injini inanguruma, redio inasoma, Hajja anavuta tasbihi. Kisha anazima na kufunika.

Vijana walicheka. "Hajja, unasafiri kwenda wapi leo?"

"Naenda kwenye akili zenu, mwanangu, lakini barabara mbovu." Halafu anasema kwa upole, "Kitu kikinyamaza sana kinapata mwenyewe mwingine. Nyumba tupu si tunaiachia redio? Na gari ni kijumba."

Na hilo sisi sote twalijua. Nani kati yetu anafunga duka au anakwenda kwa ndugu zake mashambani bila kuacha Kurani inasoma ndani? Wenzetu wasioonekana hawavunji mlango. Wanaingia panaponyamaza.

Basi majira ya baridi yale, Hajja Insaf akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika. Wagdi na mkwewe Hamdi ndio waliomshusha ngazi kwa blanketi, mvua inanyesha, blanketi likalowa. Pale mlangoni Hajja akamshika Wagdi mkono. Akamtia ufunguo kiganjani.

"Wewe unajua magari, mwanangu. Kila Ijumaa. Dakika chache tu. Na redio. Usiache likanyamaza."

"Juu ya kichwa changu, Hajja. Na macho yangu."

Ijumaa ya kwanza alikwenda. Akakaa usukanini. Akaangalia zile namba za kilomita, chache kama meno ya mtoto, na moyo wake ukafanya jambo ambalo hakulitaka. Ulitamani. Mkewe Bahiga magoti yalikuwa yamekwisha, kila kwenda kliniki ni tramu na ngazi na machozi, na hapa kuna gari limefunikwa kwa ajili ya mwanamke asiyejua kuendesha. Akajiambia, Hajja hana mtoto. Akirudi, atarudi wa kitandani. Na asiporudi...

Akazima injini, akafunika turubai.

Ijumaa ya pili alikwenda sokoni kumchagulia mtu gari. Ya tatu ilikuwa dhoruba. Ya nne alishika ufunguo mpaka ngazini, akarudi juu akala maharage yake. Baada ya hapo betri ikafa, na mtu akishaacha jambo, kulirudia ni aibu kuliko kuliacha. Lakini ukweli wenyewe, wanangu, siufichi: alijua kwamba gari linalowaka lina mwenyewe, na gari lisilowaka linauzwa.

Na kila alipokwenda hospitali na machungwa yake, Hajja alifumbua macho na kuuliza neno lilelile.

"Umeliwasha?"

"Nimeliwasha, Hajja."

"Na redio?"

"Imesoma mpaka watu wakasimama kusikiliza."

Hajja akatabasamu. Alikufa na tabasamu lile. Mpwa wake akaja kutoka Tanta, hana habari na gari wala na Iskandaria, akamwachia Wagdi kwa bei ya kwanza aliyoitaja.

Kahawani Hamdi akacheka, anapasua mbegu zake za maboga. "Baba, wewe si ndiye uliyetufundisha kuwa gari lililolala ni maiti? Leo umeleta maiti nyumbani?"

"Halikulala," Wagdi akasema, mbele ya watu wote. "Nililiwasha mwenyewe kila Ijumaa."

Bahiga naye alimuuliza, akiwa ameshika mlango. "Baba Nesma, una uhakika nalo?"

"Kama ninavyojua jina langu."

Akatia betri mpya, tairi mpya, akabadilisha petroli, likawaka jaribio la kwanza tu. Alishangaa. Alitarajia kulihangaikia.

Siku ya kwanza Bahiga alikaa kiti cha mbele, akainuka kidogo, akashika nguo yake kwa nyuma. "Mbona kina umande hiki?"

"Ni baridi tu, mama."

"Na harufu hii?"

Ilikuwa harufu ya blanketi lililolowa mvua likakunjwa bila kukauka. Wagdi alifua vitambaa vya viti. Akaweka sabuni, akaweka ndimu, akaacha milango wazi juani. Jua likiwaka harufu inaondoka, kivuli kikirudi nayo inarudi, kama mtu aliyetoka nje kidogo. Na redio, ambayo alikuwa hajaiunganisha na betri mpya, ikawa inakwaruza. Si sauti ya kusoma. Kukwaruza tu, kama mtu anatafuta stesheni na haipati.

Halafu namba. Kila asubuhi zilikuwa zimesogea. Injini baridi, ufunguo uko mfukoni, turubai limefungwa kama alivyolifunga, na namba zimesogea kidogo, sawa kabisa na umbali wa kwenda hospitali na kurudi. Yeye anaujua umbali ule, si aliwahi kwenda na machungwa? Kila alipoziona alifunika dashibodi kwa kitambaa, kama mtu anayefunika uso wa maiti.

Angeweza kumwambia Bahiga. Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa hadithi. Lakini kumwambia mkewe habari ya mkanda ni kumwambia na habari ya Ijumaa, akaona afadhali jini kuliko aibu.

Siku moja wanarudi kutoka kliniki, wanapita barabara ya pwani, mawimbi yanaruka ukuta. Bahiga akageuza uso pembeni, akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya kumsemesha mgonjwa, "Nimesogea, Hajja. Kaa vizuri."

Wagdi nusura apande ukingo. "Unaongea na nani?"

"Nimeongea?" Bahiga akamwangalia, macho yake mazito kama ya mtu aliyeamshwa. "Mimi nimenyamaza tangu tulipotoka."

Kuanzia siku ile mwanamke akawa anapungua. Chakula hataki. Mikono baridi. Anasimama dirishani, anaangalia chini kwenye turubai. Binti yao Nesma, mke wa Hamdi, akiuliza, "Mama una nini?" anajibu, "Leo siku gani?" Hana jibu jingine ila hilo. Leo siku gani.

Ikaja Ijumaa. Wagdi ametoka msikitini, jua la saa saba liko utosini, watu wamejaa mtaani na mikate mikononi, watoto wanapiga mpira, na katikati ya uhai wote ule yeye akaona turubai la gari limevutwa upande mmoja, na vioo vyote vimefungwa, na vioo vina ukungu kwa ndani, katika jua lile, ukungu kama wa alfajiri ya mvua, na nyuma ya ukungu kuna mtu amekaa wima kwenye kiti cha pembeni, amefungwa mkanda, mikono juu ya mapaja, na alipokaribia na kusogeza uso wake kwenye kioo, na pumzi yake ikaandika ukungu wa nje juu ya ukungu wa ndani, akamwona Bahiga wake, midomo ya bluu, nywele zimelowa zimeshika mashavuni, anaangalia mbele pasipo na kitu.

Akavuta mlango. Haukufunguka. Akazungusha ufunguo, akapiga kioo, akaita watu, Hamdi akaja mbio na nyundo, na nyundo ikapiga kioo kile cha kawaida ikaruka kama imepiga jiwe.

Bahiga akafungua midomo. Sauti ikatoka nyembamba, ya kizee, yenye kikohozi.

"Nangoja. Amesema atakuja Ijumaa."

Hamdi akaangusha nyundo. "Baba... hiyo ni sauti ya Hajja Insaf."

Nesma ndiye aliyemkimbilia Bi Bakhita, mama wa zari, anayekaa nyuma ya reli. Mwanamke mnene, asili yao Sudani, tangu bibi zake wanapiga ngoma za kuwatuliza hawa wenzetu. Alikuja na tari moja na chetezo, kavaa kandambili, anahema. Alizunguka gari mara moja akinusa. Hakupiga ngoma. Akaweka kiganja juu ya boneti, akaita kwa heshima, kama unavyobisha kwa jirani.

"Dasturi. Ni nani mwenye mahali?"

Redio ikakwaruza. Kisha ile sauti ya kizee ikatoka kinywani mwa Bahiga, lakini sasa chini yake palikuwa na sauti nyingine, nzito, isiyo na umri.

"Mimi. Palinyamaza, nikaingia."

"Huyo ni mgeni wako? Huyo ni mama wa watu. Mwachie."

"Sikumchukua. Nina mwenzangu niliyemkuta. Hajja, mwili wake hospitali, moyo wake umesahaulika hapa, unangoja. Tukangoja pamoja. Yeye alikwenda kufa, mimi nimebaki na kungoja kwake. Nataka aliyeahidi aseme mbona hakuja."

Bi Bakhita akageuka, akamtazama Wagdi. Mtaa mzima ukamtazama Wagdi. Wale aliowachagulia magari, wote.

"Niliumwa," Wagdi akasema haraka. "Mgongo wangu..."

Ukungu ukazidi ndani. Kichwa cha Bahiga kikalala kifuani.

"Mzee," Bi Bakhita akamnong'oneza, "hawa hatuwezi kuwadanganya. Kila uongo wako unamnyonya mkeo. Sema, au ninyi leo mtachimba kaburi."

"Betri ilikufa, nikaogopa—"

Kutoka ndani, kifua cha Bahiga kikapanda, kikashuka, kikachelewa kupanda tena. Na Wagdi akapiga magoti pale kwenye vumbi, mikono kwenye mlango, na akayatoa, yote, yakatoka yakifuatana kama matapishi: kwamba hakuumwa na wala betri haikuwa sababu, kwamba aliutia ufunguo mfukoni akautamani, kwamba alikwenda na machungwa hospitali akimwangalia Hajja usoni na kumpima kama anavyopima gari kuukuu, amebakiza muda gani, kwamba kila aliposema nimeliwasha, moyoni alikuwa anamwambia, kufa, na kwamba usiku alipoomba dua alimwombea kila mtu wa jengo lile uzima isipokuwa Hajja, akaliruka jina lake, kwa makusudi, kwa ajili ya gari.

Hata mpira wa watoto ulisimama.

Mlango ukafunguka wenyewe. Klik. Kama mlango wa kawaida. Bahiga akaangukia mikononi mwa binti yake, baridi, analia, mzima. Na Wagdi akamwangalia usoni, akajua kwamba alikuwa ndani mle muda wote anasikia kila neno.

"Nilikuuliza," Bahiga akasema. "Nilishika mlango nikakuuliza."

Waliishi pamoja miaka mingine mingi, akampikia, akamfulia, lakini tangu siku ile alilala ameelekea ukutani. Na kwa miguu yake mibovu alirudi kwenye tramu.

"Sasa lifukuze," Hamdi akamwambia Bi Bakhita. "Hilo jini. Piga ngoma yako."

"Nimfukuze kwa kosa gani? Hakuvamia, alifunguliwa na kimya. Ukweli kaupata, kamwachia mama. Lakini ahadi bado iko wazi." Akamgeukia Wagdi. "Kuliuza hutaliuza, utamuuzia mwenzio deni lako. Kila Ijumaa, mzee. Na redio."

Akafanya hivyo. Nilimwona mimi mwenyewe, Ijumaa baada ya Ijumaa, anashuka na mto mdogo, anasema dasturi, anawasha, anafungua Kurani, anakaa usukanini. Kiti cha pembeni kinabonyea polepole. Mkanda unajifunga. Wanakaa, wawili wale, wanasikiliza. Harufu ya blanketi ikapungua, lakini haikwisha. Wala hakwenda tena soko la magari. Watu walimwita, akawaambia, "Mtafuteni mtu mwenye macho safi."

Mpaka akazeeka, na moyo wake ukachoka, na wakamshusha ngazi zilezile kwa blanketi. Pale mlangoni akamshika Hamdi mkono, akamtia ufunguo.

"Kila Ijumaa, mwanangu. Uliona kwa macho yako."

"Juu ya kichwa changu, baba."

Kijana mwema, Hamdi. Ana duka, ana watoto, ana mambo mengi. Na mtu akishaona jambo zamani, miaka ikipita huanza kujiuliza kama kweli aliliona.

Siku moja alikwenda hospitali na machungwa. Wagdi akafumbua macho.

"Umeliwasha?"

Hamdi akapasua mbegu ya maboga kwa meno, akaangalia dirishani. "Nimeliwasha, baba."

"Na redio?"

"Imesoma vizuri sana."

Wagdi akataka kuamini. Mungu anajua alitaka. Lakini pembeni ya Hamdi palikuwa na kiti cha wageni, kitupu, na kitambaa chake kilikuwa kimebonyea, na chumba kilinuka blanketi lililolowa mvua. Amekaa hapo tangu lini? Amesikia? Wagdi akafungua mdomo amwite mkwewe, lakini Hamdi alikwishambusu paji la uso, keshatoka, anashuka ngazi anapiga mluzi, anazungusha ufunguo kidoleni.

Na kile kitambaa cha kiti kikaanza kuinuka, polepole, kama kinavyoinuka mtu anaponyanyuka kumfuata mwenzake.

Ndiyo hiyo, wanangu. Haya, nani alisema redio inampigia kelele?